Kumbukumbu za mazao zahitaji njia ya pili

MWEZI Mei 2024 wakazi wa Kibiti, Rufiji na mikoa ya kusini walipewa somo moja mara mbili ndani ya siku zisizozidi 10.

Somo la kwanza lilitoka barabarani. Mei 4 mwaka huo kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania eneo la Mafia, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Waliolazimika kufika walizunguka kupitia Morogoro, Iringa na Songea.

Somo la pili lilitoka baharini. Jumapili ya Mei 12, mikongo miwili ya intaneti inayopita chini ya bahari, Seacom na EASSy, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilidorora nchi nzima, na ofisi nyingi zilizozoea kufanya kazi zake mtandaoni zilibaki zikisubiri.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mikongo ilikuwa miwili, tena ya kampuni mbili tofauti. Hesabu ya kawaida ingesema mmoja ukikatika mwingine utabeba mzigo. Lakini yote miwili ilipita eneo moja la bahari. Aidha, kipande cha Seacom kinachoelekea kaskazini kwa kupitia Bahari ya Shamu kilikuwa na hitilafu tangu Februari 2024. Njia zilikuwa mbili kwenye karatasi, lakini siku ya shida hazikuwa mbili.

Suala hilohilo lipo, kwa udogo wake, ndani ya ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, ndani ya SACCOS na ndani ya duka la jumla lenye kompyuta tatu au nne. Ofisi nyingi za namna hiyo zina kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu na kingine cha kuwekea nakala. Mara nyingi vyote viwili vinategemea waya uleule unaotumika kwa kazi za kila siku, na hapo ndipo nakala hukwama.

Mzigo umeondoka, fedha hazijafika

Kwa mkulima wa korosho au ufuta, kumbukumbu za ofisini si jambo la mafundi wa kompyuta peke yao.

Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake, yanapimwa, yanapangwa madaraja na kupelekwa ghalani kusubiri mnada. Malipo hufuata baadaye. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo, mzigo umeshaondoka mikononi mwa mkulima na fedha hazijamfikia. Kilichobaki ni maandishi: jina, kilo, daraja, makato na namba ya akaunti.

Mkulima ana karatasi yake ya mizani, lakini karatasi hulowa, huchanika na hupotea. Kwa mkazi wa kata za delta kama Mbuchi, Salale, Maparoni, Msala au Kiongoroni, karatasi hiyo husafiri kwa mtumbwi au boti kabla ya kufika nyumbani. Ikipotea, tegemeo lake ni kumbukumbu ya chama. Na kumbukumbu ya chama ikipotea pia, kinachofuata ni mabishano ambayo mwenye kilo nyingi na mwenye kilo chache wote wanaweza kudai kiasi kilekile.

Mfanyabiashara naye ana mzigo wake. Orodha ya wateja wanaodaiwa, hesabu ya bidhaa zilizoko stoo na risiti za manunuzi ndiyo mtaji usioonekana wa duka. Pia Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kusema kwamba kompyuta imeharibika hakuondoi wajibu huo.

Ghala lenye mlango mmoja

Ofisi yenye kompyuta kadhaa kwa kawaida huhifadhi kazi zake kwenye kasha dogo lenye diski mbili au zaidi, lililounganishwa na mtandao wa ofisi. Mafundi hukiita kifaa hicho NAS. Karani wa mizani, mhasibu na meneja wote huandika na kusoma humo.

Wenye ofisi wengi huamini kwamba diski mbili ndani ya kasha moja zinatosha kuwa akiba. Hilo ni kosa. Diski ya pili husaidia pale diski ya kwanza inapokufa. Haisaidii mwizi anapobeba kasha zima, radi inapopiga au maji yanapoingia ofisini. Wala haisaidii mtu anapofuta faili kwa bahati mbaya, kwa kuwa hufutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Ndiyo maana ofisi makini hununua kasha la pili na kulipanga lipokee nakala za la kwanza. Hapo ndipo tatizo la njia linapoanza.

Chukua mfano wa ofisi yenye kumbukumbu za ukubwa wa GB 200, zikiwamo picha za stakabadhi na vitambulisho vya wanachama. Kama swichi ya mtandao ni ya zamani, yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kunakili mzigo huo wote kunachukua karibu saa 5. Katika muda huo kompyuta za ofisi nazo zinataka kusoma na kuandika kwenye kasha lilelile la kwanza, kwa kupitia tundu lilelile la waya.

Ni kama ghala lenye mlango mmoja siku ya msimu. Wabebaji wanaoingiza magunia ya wakulima na wale wanaohamishia magunia ghala la pili wanapishana mlangoni. Nafasi imo tele ndani, lakini hakuna anayekwenda kwa haraka.

Matokeo yake yanafahamika. Karani anaona programu ya mizani inakwama na foleni ya wakulima inarefuka nje. Anaisimamisha kazi ya kunakili, akisema ataiwasha jioni. Jioni umeme unakatika, au ofisi inafungwa mapema. Kesho yake foleni ni ileile. Baada ya wiki tatu kasha la pili linawaka taa zake vizuri mezani, lakini nakala iliyomo ni ya mwezi uliopita.

Kwa maneno mengine, nakala nyingi hazikosekani kwa sababu ya uzembe. Zinakosekana kwa sababu zimewekwa kwenye njia ambayo kazi ya kila siku ina haki zaidi ya kupita.

Tundu la pili lililosahauliwa

Makasha mengi ya aina hii yanayouzwa kwa matumizi ya ofisi huja na matundu mawili ya waya wa mtandao, ambayo mafundi huyaita poti. Ofisi nyingi huchomeka moja na kuliacha la pili likijaa vumbi.

Tundu hilo la pili ndilo njia ya nakala. Waya mmoja mfupi unachomekwa kutoka poti ya pili ya kasha la kwanza kwenda moja kwa moja kwenye poti ya pili ya kasha la pili. Hapiti mtu mwingine hapo. Hakuna swichi katikati, hakuna ruta, hakuna kompyuta ya karani. Poti za kisasa zenye kasi ya gigabiti 1 hutambuana zenyewe, hivyo hauhitajiki waya wa aina ya pekee.

Kwa kasi hiyo, mzigo ule wa GB 200 uliochukua saa 5 unaweza kupita kwa dakika 30 hivi, kama diski zenyewe zina uwezo. Cha muhimu zaidi ni kwamba poti ya kwanza inabaki huru kwa kazi za ofisi. Karani hana tena sababu ya kuisimamisha nakala.

Gharama ya waya wa mita chache haifiki hata robo ya bei ya gunia la mpunga. Kama makasha ni matatu au zaidi, inanunuliwa swichi ndogo ya pekee kwa ajili ya poti za pili tu, na swichi hiyo haiunganishwi na ile ya ofisi.

Hata hivyo, kuchomeka waya ni nusu ya kazi. Wengi huishia hapo, wakafurahia taa mbili za kijani, kumbe mzigo bado unapita njia ya zamani.

Anwani ndiyo huamua njia

Mzigo wa mtandao hauchagui waya kwa kuona upi uko wazi. Hufuata anwani. Kila poti ina anwani yake ya namba, na anwani za jirani huwa na mwanzo unaofanana, kama nyumba za mtaa mmoja.

Tuseme mtandao wa ofisi unatumia anwani zinazoanza na 192.168.1. Kasha la kwanza lina anwani 192.168.1.10 na la pili 192.168.1.11. Hizo ni za poti za kwanza, na zinaachwa kama zilivyo.

Poti za pili zinapewa mtaa mwingine kabisa. Kwa mfano, kasha la kwanza linapewa 10.10.10.1 na la pili 10.10.10.2, na zote mbili zinawekewa namba ya mipaka ya mtaa 255.255.255.0. Sehemu inayouliza anwani ya ruta, yaani mlango wa kutokea nje, inaachwa wazi kwa poti hizi za pili. Ikijazwa, kasha linaweza kujaribu kupeleka mizigo ya intaneti kwenye waya ambao hauna pa kutokea.

Hapo wahenga wana neno. Walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kasha likipewa poti mbili zenye anwani za mtaa mmoja, mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.20, hupatwa na yaliyompata fisi. Linaona milango miwili inayoelekea mahali pamoja, na mara nyingi huishia kutumia mmoja tu kwa kila kitu. Waya wa pili unabaki pambo. Tiba ni kuipa kila njia mtaa wake, ili kasha lisiwe na cha kuchagua.

Hatua ya mwisho hufanyika kwenye programu ya kunakili yenyewe. Pale inapouliza nakala ipelekwe wapi, iandikwe anwani ya poti ya pili, yaani 10.10.10.2. Isiandikwe 192.168.1.11, wala jina la kasha. Jina ndilo linalowakosesha wengi, kwa kuwa mtandao wa ofisi ukiulizwa jina hilo hujibu kwa anwani ya poti ya kwanza, na mzigo hurudi mlango uleule wa foleni.

Kasha la pili nalo litazamwe. Baadhi ya makasha huruhusu mwenye nayo kuorodhesha ni nani anayekubaliwa kuleta nakala. Kama orodha hiyo ina anwani ya zamani tu ya kasha la kwanza, mzigo unaokuja kutoka 10.10.10.1 utakataliwa mlangoni, na fundi atadhani waya ni mbovu.

Ng'oa waya uone

Kuna jaribio rahisi ambalo hata mwenyekiti wa chama asiye fundi anaweza kulisimamia.

Kazi ya kunakili iwashwe. Wakati inaendelea, waya wa poti ya pili ung'olewe. Kama kunakili kunasimama, mzigo ulikuwa unapita njia mpya kama ilivyokusudiwa. Kama kunaendelea bila kutikisika, mzigo ulikuwa bado unapita njia ya zamani na kuna kitu hakijarekebishwa. Waya ukirudishwa, kazi ianzishwe tena mpaka ikamilike.

Makasha mengi pia yana ukurasa wa kuonyesha ni kiasi gani cha mzigo kinapita kila poti. Wakati wa kunakili, mstari wa poti ya pili unapaswa kupanda na ule wa poti ya kwanza kubaki katika hali ya kawaida ya siku.

Jaribio hili lifanyike kabla ya msimu, si katikati yake. Njia ya akiba isiyojaribiwa hujulikana kuwa mbovu siku inapohitajika.

Waya hauponyi kila ugonjwa

Ni vyema wenye ofisi wafahamu mipaka ya njia hii ili wasitoe fedha kwa matumaini ya bure.

Kwanza, njia ya pili hupunguza msongamano kwenye waya, haipunguzi kazi ya diski. Kasha lenye diski za zamani zilizochoka litaendelea kuwa zito wakati wa kunakili, kwa sababu diski zilezile zinasomwa na karani na zinasomwa na programu ya nakala. Tiba yake ni kupanga nakala ifanyike wakati ofisi ina watu wachache, kwa mfano saa ya chakula cha mchana.

Pili, nakala ya kwanza ndiyo nzito. Baada ya hapo programu nyingi hupeleka mabadiliko tu. Ofisi yenye kumbukumbu chache na kompyuta mbili inaweza isione tofauti kubwa, na fedha zake zikafaa zaidi kununua betri ya akiba ya kuyalinda makasha umeme unapokatika ghafla.

Tatu, kasha la pili lisiwe kioo cha la kwanza. Kama limepangwa kufuta kila kilichofutwa upande wa kwanza, kosa la karani au virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vitafika upande wa pili kwa kasi ya waya mpya. Programu ipangwe kutunza matoleo ya nyuma: ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita.

Nne, nywila za makasha mawili zitofautiane, na kompyuta za kawaida za ofisi zisiwe na ruhusa ya kuandika kwenye kasha la nakala. Ni bora zaidi kasha la pili ndilo lipangwe kuvuta nakala kutoka la kwanza. Kwa utaratibu huo kasha la kwanza halihitaji kuijua nywila ya la pili, na anayeliingilia la kwanza hapati ufunguo wa la pili.

Makasha mawili juu ya meza moja

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mahali makasha yanapokaa. Waya mfupi hushawishi watu kuyaweka yote mawili juu ya meza moja. Hapo njia zinakuwa mbili lakini hatari inakuwa moja.

Ulimwengu una mifano ya kutosha. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa eneo lilelile lililoungua. Septemba 26, 2025 moto uliozuka katika kituo cha serikali cha kuhifadhi data mjini Daejeon, Korea Kusini, uliharibu hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali yenye ukubwa wa TB 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya kituo hicho.

Rufiji na Kibiti hatari iliyo karibu zaidi ni maji. Aprili 2024, hata kabla ya kimbunga Hidaya, mafuriko ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na kuhamisha kaya katika wilaya hizo mbili. Wakulima wa mpunga wa bonde hilo wanajua tangu zamani kujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili walinde shamba huku maji yakipita chini. Kasha la nakala nalo linahitaji dungu lake: rafu ya juu, ghorofa ya pili kama ipo, au jengo jingine lililoko mwinuko.

Waya wa shaba unaotumika maofisini hufanya kazi vizuri kwa umbali usiozidi mita 100. Unatosha kutoka chumba cha mizani hadi chumba cha mwisho wa jengo. Lakini ukipitishwa nje kutoka jengo moja hadi jingine, huweza kubeba mshtuko wa radi na kuua makasha yote mawili kwa pigo moja. Kwa majengo mawili inafaa faiba, ambayo hupitisha mwanga na si umeme. Ni ghali kuliko shaba, lakini ni nafuu kuliko kununua makasha mawili mapya.

Nakala ya tatu ipande basi

Hata makasha yaliyoko majengo mawili bado yako mji mmoja. Ushauri unaokubalika na wengi katika fani hii ni kuwa na kumbukumbu katika sehemu tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na ofisi.

Wengi hufikiria kwamba nakala ya mbali lazima ipite intaneti. Kwa mafaili machache ya kila siku, inawezekana. Lakini GB 200 kwa laini yenye uwezo wa kupandisha megabiti 5 kwa sekunde zingechukua zaidi ya siku 3 na nusu, usiku na mchana, bila laini kukatika. Diski ndogo inayotosha mfukoni, iliyojazwa jioni na kupanda basi la asubuhi kutoka Kibiti, inaingia Dar es Salaam siku hiyohiyo, kwa umbali wa kilomita zipatazo 140.

Diski inayosafiri lazima ifungwe kwa nywila, maana ndani yake mna majina, namba za simu na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Diski iliyosahaulika kwenye kiti cha basi bila nywila ni tatizo jingine la kisheria.

Bila shaka, basi nalo hupita barabara, na Mei 2024 ilionyesha kwamba barabara hukatika. Ndiyo maana nakala hizi hazishindani. Kasha la pili ni kwa ajili ya kila siku, diski ya mbali ni kwa ajili ya siku ambayo jengo lote limeondoka.

Asiye na kasha afanyeje

Mfanyabiashara mdogo mwenye kompyuta moja hana haja ya kununua makasha mawili. Lakini kanuni ni ileile: nakala isitegemee kitu kilekile kinachotegemewa na kazi.

Diski mbili za nje zinatosha. Moja ikae dukani, nyingine nyumbani, na zibadilishane kila Jumamosi. Diski inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta muda wote si nakala ya kuaminika, maana virusi na umeme mbaya huzikuta zote mbili pamoja.

Mwenye kompyuta mbili zinazotumia mtandao wa hewani wa ofisi anaweza kuziunganisha kwa waya mmoja baina yao kwa kazi ya kunakili tu, kwa utaratibu uleule wa anwani za mtaa mwingine. Mtandao wa hewani utabaki kwa kazi nyingine.

Kwa anayetunza hesabu kwenye daftari na simu, picha ya kila ukurasa ikipigwa jioni na kuhamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani, amekwisha kuwa na njia ya pili.

Maswali ya mkulima kwa chama chake

Mwanachama wa ushirika hahitaji kujua anwani za mtandao ili kulinda kilo zake. Mkutano mkuu ni mahali halali pa kuuliza, na viongozi wana wajibu wa kujibu kwa lugha ya kawaida.

Swali la kwanza: nakala ya mwisho ya kumbukumbu za mizani ilichukuliwa tarehe ngapi? Jibu liwe tarehe, lisiwe neno "huwa tunachukua".

La pili: nakala hiyo iko wapi sasa hivi, na maji yakifika dirishani itabaki salama?

La tatu: msimu ukipamba moto na foleni ikiwa ndefu, nakala huendelea kuchukuliwa au husimamishwa?

La nne: ni lini mara ya mwisho nakala ilifunguliwa na jina la mwanachama mmoja likatafutwa na kuonekana na kilo zake kamili? Nakala isiyowahi kufunguliwa ni kama ghala ambalo mlango wake haujawahi kufunguliwa kuona kama gunia lina korosho au mchanga.

La tano: ni nani anayejua nywila zaidi ya mtu mmoja? Karani akihama au akiugua katikati ya msimu, kumbukumbu zisihame naye.

Kazi ya kufanya kabla ya mizani kufunguliwa

Watu wa Rufiji wanakumbuka kivuko cha Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kuzinduliwa mwaka 2003, magari yote ya kusini yalitegemea pantoni hiyo, na mto ulipojaa safari zilisimama. Daraja liliondoa foleni hiyo kwa kuwapa wasafiri njia isiyosubiri pantoni. Lilijengwa kwa miaka na kwa fedha nyingi.

Njia ya pili ya nakala ofisini haihitaji miaka. Fundi mmoja anaweza kuikamilisha kwa nusu siku: waya mmoja, anwani mbili za mtaa mpya, mstari mmoja uliobadilishwa kwenye programu ya kunakili, na jaribio la kung'oa waya mbele ya mwenyekiti na katibu. Tarehe ya jaribio hilo iandikwe kwenye daftari la chama, na jaribio lirudiwe kila kabla ya msimu wa ufuta na kabla ya msimu wa korosho.

Kwa chama kinachotarajia kufungua mizani, muda mzuri wa kufanya kazi hiyo ni wakati ghala bado ni tupu.